Visima Saba na Daftari Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Shauri la Kundi Mombasa

Kisa hiki ni cha shauri la kundi, yaani kesi moja kwa niaba ya watu wengi, kuhusu visima vilivyoingiwa na dizeli upande wa bara wa Mombasa. Mtaa, tarehe, watu na kampuni havitajwi, na hesabu za kaya zimesogezwa kidogo ili mtaa usitambulike. Kesi za umma zilizotajwa kwa ulinganisho zimebaki kama zilivyo.

## Usuli

Mtaa ni wa nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba sita au vinane, na karibu kila chumba kina kaya yake. Nyingi ni nyumba bila ardhi, jambo ambalo mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa. Kiwanja kina mwenyewe, ambaye pengine hajaonekana miaka. Nyumba ina mwenyewe mwingine, anayelipa kodi ya kiwanja. Wapangaji nao wana mapatano ya mdomo na huyo wa pili. Maji ya mfereji yalikuja kwa nadra, kwa hiyo watu walichota kwenye visima vifupi 11, vyote vya wenye nyumba, mtungi wa lita 20 kwa Sh5.

Ng'ambo ya barabara kuna karakana ya malori yenye tangi la dizeli lililofukiwa. Chini ni mwamba wa matumbawe wenye vinyweleo na nyufa, na kinachovuja hapo hakikai mahali kilipovujia. Dizeli ni nyepesi kuliko maji. Huelea juu ya maji ya ardhini na kusukumwa kufuata mteremko wake na nyufa za mwamba. Ndiyo maana visima viwili vilivyopishana hatua chache vinaweza kutofautiana, kimoja kikanuka na cha pili kikawa safi. Jambo hilo dogo la jiolojia ndilo lililokuja kutikisa shauri zima.

## Mambo yalivyokwenda

Wa kwanza kugundua alikuwa mama anayekaanga mahamri alfajiri. Alidhani mafuta yake yameharibika, akayamwaga, akanunua mengine. Harufu ikabaki palepale. Kilichonuka ni tui, alilolikamua kwa maji ya kisima. Alipomimina maji yale kwenye beseni jeupe akaona utando wenye rangi za upinde wa mvua. Ndani ya wiki mbili visima vingine vikaanza kulalamikiwa, na watu wakahamia kwa wauza maji wa mikokoteni, mtungi Sh30.

Wiki ya tatu kampuni yenye karakana ilileta mabauza mawili ya maji ya bure. Pamoja na maji ilikuja karatasi ya Kiingereza ya kutia saini, kwamba mpokeaji ameridhika na hana dai lolote tena. Watu 14 walitia saini wakidhani ni ya kuhesabu mitungi.

Mwezi wa tatu alitokea kijana wa mtaa aliyekuwa akiuza "fomu za kesi ya kundi" kwa Sh500, akieleza kwamba Marekani mtu hujaza fomu akangoja hundi. Alikusanya pesa za watu kadhaa kabla kamati ya wakazi haijamzuia. Hakuwa tapeli kamili. Alikuwa ameona jambo la kweli la nchi nyingine, akadhani sheria husafiri kama mtumba, kwamba ukiipata unaivaa tu.

Mwezi wa nne kamati ilikwenda kwa wakili ikiwa na orodha ya kaya 312 na sentensi moja juu yake: "wakazi wote walioathirika". Karani wa wakili, binti wa papo hapo Mombasa, alianza na sentensi hiyo.

"Mzee wangu, hapa mmeandika walioathirika. Nani ameathirika?"

"Si sote, mwanangu?"

"Na jirani yako wa kisima cha tisa, maji yake yananuka?"

"La. Lakini ni mwenzetu."

"Mwenzenu ni mwenzenu. Mahakamani tutaulizwa kisima chake."

Shauri lilifunguliwa mwezi wa sita, pamoja na maombi ya amri za muda. Mwezi wa nane mahakama iliamuru tangi lipimwe kwa shinikizo, likashindwa kushika shinikizo, likaondolewa. Kampuni pia iliamriwa kutoa daftari la vipimo vya kijiti, yaani kipimo cha kila asubuhi cha kina cha dizeli ndani ya tangi. Ukichukua kilichoingizwa, ukatoa kilichojazwa kwenye malori, ukalinganisha na kijiti, tofauti ndogo ya kila siku ilikuwa inakwenda upande mmoja tu kwa miezi. Kijiti huwa na makosa yake, lakini makosa ya kijiti hupanda na kushuka. Haya yalikuwa yakishuka tu.

Baada ya hapo ubishi wa nani alivujisha ulikwisha. Ukabaki ubishi wa nani alipwe, na kiasi gani.

## Njia zilizokuwa mezani

Vijana wa kamati walitaka London, kwa kuwa kampuni mama ilikuwa na anwani huko. Hoja haikuwa ya kipuuzi. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu wanavijiji 1,826 wa Zambia kuishtaki kampuni ya madini ya Vedanta hukohuko London pamoja na tawi lake la Zambia. Lakini wanaokumbuka 2013 husahau 2018, pale shauri la pili la Mau Mau, lenye walalamishi zaidi ya 40,000, lilipotupwa. Muda uliopita ndio uliokuwa kikwazo kikubwa. Tena London mashauri ya aina hiyo huendeshwa kwa amri ya kuunganisha madai: kila mtu ajiandikishe, dai lake liwe na mwaka, mahali na tukio. Anayeshindwa hubebeshwa gharama za mwenzake. Kwa dai ambalo halikufika Sh milioni 20, gharama za mawakili wa huko peke yake zingeimeza fidia. Njia hiyo ilifutwa siku ya kwanza.

Njia ya pili ilikuwa kila kaya ifungue kesi ndogo yake, moja iteuliwe ya mfano na nyingine zingoje. Ni njia safi kisheria, lakini ada na viapo vya kaya 300 havikuwa na wa kuvilipia.

Ya tatu ni Agizo la 1 Kanuni ya 8 katika Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010. Mmoja au wachache hushtaki kwa niaba ya wengi wenye maslahi yaleyale, na wahusika wote hupewa taarifa, kwa mkono au kwa tangazo kama mahakama itakavyoelekeza. Kenya hakuna haja ya ruhusa ya kuanza. Wenzetu wa Tanzania, kwa kanuni yenye namba hiyohiyo, wanaihitaji. Kanuni hizi zote ni ndugu, zimetoka kwenye sheria ya India ya 1908, nayo India iliipokea kutoka mahakama za Uingereza. Tatizo la njia hii ni maneno "maslahi yaleyale", na ndipo nyumba bila ardhi ilipoingia. Mwenye kiwanja anataka udongo usafishwe. Mwenye nyumba anataka mapato ya kisima yaliyokatika. Mpangaji anataka tofauti kati ya Sh5 na Sh30. Ni dizeli moja, maslahi matatu.

Ya nne, iliyochaguliwa, ni ombi la kikatiba mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu kushtaki akiwa mmoja wa kundi au kwa maslahi ya kundi. Kifungu cha 42 kinatoa haki ya mazingira safi. Cha 70 kinasema anayeidai haki hiyo hahitaji kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Kwa kufungia bomba na kung'oa tangi, hakuna njia ya haraka kuliko hiyo. Mombasa yenyewe ilikuwa na mfano wa jirani: shauri la mtaa wa Owino Uhuru, la sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, ambapo mahakama hiyohiyo mwaka 2020 ilitoa fidia ya Sh bilioni 1.3 kwa wakazi. Wakati kisa hiki kinaendelea, tuzo ile ilikuwa ingali inabishaniwa kwenye rufaa. Mahakama ya Rufaa iliitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikaja kuirudisha Desemba 2024.

Wakili hakungoja kujua nani angeshinda ubishi huo. Aliamua kuandaa dai kana kwamba pesa ya jumla kwa kundi zima, bila hesabu ya kila kaya, haipatikani kabisa.

## Maamuzi na sababu zake

Kundi lilielezwa upya kwa visima, si kwa mtaa. Maneno yaliyowekwa yalikuwa haya: kila kaya iliyokuwa ikichota maji ya matumizi ya nyumbani kwenye kisima kimojawapo kati ya vilivyoorodheshwa, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Neno "walioathirika" liliondolewa kwa sababu linazunguka: huwezi kujua nani yumo mpaka kesi iishe. Uingereza waagizaji wa maua walianguka kwenye shimo hilo mwaka 2010 walipolishtaki shirika la ndege kwa niaba ya wanunuzi wote wa huduma ya mizigo waliopandishiwa bei. Mahakama ilisema uanachama wa kundi hauwezi kutegemea matokeo ya kesi yenyewe.

Mwenyekiti alibadilishwa. Aliyekuwepo alikuwa mzee anayeheshimika, lakini mwanawe alikuwa dereva wa karakana ileile. Hakuna aliyemtuhumu kwa lolote. Marekani mwakilishi wa namna hiyo angepigwa vita mlangoni, kwa kuwa Kanuni ya 23 ya mwenendo wa kesi za madai ya huko, inayosimamia mashauri ya kundi, inataka mwakilishi atakayelinda kundi kwa haki na kwa ukamilifu. Kenya hakuna anayekagua hilo mwanzoni, na kwa sababu hiyo ni afadhali walalamishi wajikague wenyewe. Wawakilishi watano walichaguliwa: wapangaji watatu na wenye nyumba wawili, kila upande na jedwali lake la madai.

Sampuli zilichukuliwa mara mbili, na ya kwanza ilikuwa hasara tupu. Vijana walijaza maji kwenye chupa za plastiki za soda, wakaziweka dirishani siku tatu, kisha wakazipeleka maabara. Wakili wa upande wa pili alizimaliza kwa maswali mawili. Chupa ilikuwa na nini kabla? Plastiki hufanya nini ikikutana na mafuta? Plastiki hunyonya sehemu ya mafuta na yenyewe huweza kutoa kemikali ndani ya maji, na jua la dirishani huharibu kilichobaki. Mara ya pili zilitumika chupa za kioo cha kahawia za lita moja kutoka maabara, zikajazwa hadi mdomoni bila kuacha hewa, zikafungwa lakiri, zikawekwa kwenye kasha la barafu na kufikishwa siku hiyohiyo. Karatasi ya makabidhiano ilitiwa saini na kila aliyelishika kasha, na mtu wa kampuni akiwepo. Visima saba vilikutwa na dizeli. Vinne vilikuwa safi, cha tisa kikiwemo.

Dai la maji lilitengwa na dai la afya. Watu 23 walilalamikia vipele na matumbo. Kuunganisha upele wa mtu mmoja na dizeli ya kisima kimoja kunahitaji daktari, historia ya mgonjwa na ushahidi wa kiasi alichotumia, na majibu hutofautiana kwa kila mtu. Gharama ya maji haina fumbo hilo. Ombi liliachwa libebe maji na usafishaji; madai ya afya yakaahidiwa mafaili yake. Uamuzi ulikuwa sahihi. Ulivyotekelezwa ndiko kulikoharibika, kama itakavyoonekana.

Daftari. Hapa ndipo ilipotumika kazi kubwa. Kila kaya ilipewa mstari mmoja wenye safu tisa: jina la mkuu wa kaya, namba ya kitambulisho, namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina hilo, nyumba na chumba, namba ya kisima, idadi ya watu, mitungi kwa siku, tarehe ya kuhamia, na shahidi wa chumba cha jirani. Mitungi haikuachiwa kila mtu ajisemee. Kwa wiki mbili vijana walikaa na wauza maji wa mikokoteni wakihesabu, wakapata wastani wa daraja tatu: kaya ya watu hadi 3, mitungi 3, watu 4 hadi 6, mitungi 6, kuanzia 7, mitungi 9. Nyongeza ya bei ni Sh25 kwa mtungi. Siku zilihesabiwa 420, tangu watu walipoacha visima hadi kioski cha mfereji kilipofunguliwa kwa amri ya muda. Daraja la kwanza likatoka na Sh31,500, la pili Sh63,000, la tatu Sh94,500.

Tangazo. Mahakama iliagiza gazeti, na gazeti likalipiwa, ghali kuliko chochote kingine katika shauri. Waliojitokeza kwa sababu ya gazeti walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kilichofanya kazi ni karatasi ya Kiswahili ya ukurasa mmoja iliyobandikwa kwa chifu, ikasomwa baada ya sala ya Ijumaa na ibada ya Jumapili, na kutangazwa kwenye redio ya pwani. Ilisema kesi inahusu nini, visima gani, nani anawakilisha, anayetaka kutoka afike wapi kabla ya siku gani, na kwa herufi nzito: HAKUNA FOMU YA KULIPIA. Kwenye shauri kama hili ni bora kuiomba mahakama njia zote hizo kwa maombi mamoja, badala ya kuomba gazeti kwa mazoea.

Pesa za kuendeshea shauri. Kenya wakili haruhusiwi kukubaliana kulipwa pale tu akishinda; kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinayabatilisha mapatano hayo. Injini inayosukuma mashauri ya kundi Marekani, wakili kuchukua asilimia ya ushindi na kubeba hatari ya kushindwa, hapa haipo. Ontario, jimbo la Kanada, wana mfuko wa umma unaosaidia gharama na kuchukua asilimia 10 ya tuzo. Australia kuna kampuni za kufadhili kesi, ambazo mahakama yake kuu ilizikubali mwaka 2006. Mtaani hapa kulikuwa na mchango wa Sh1,000 kwa kaya, kwa namba moja ya malipo, ukibandikwa ukutani kila Jumamosi. Ulitosha sampuli, gazeti na mtaalamu wa tangi. Ada ya wakili ilikubaliwa kwa maandishi, kiasi maalumu, kwa awamu.

## Matokeo

Orodha ya 312 ilichujwa: 41 walikuwa wa visima safi, 21 walijirudia au walihamia baadaye, 9 walijitoa. Zikabaki kaya 241, yaani 62 za daraja la kwanza, 131 za pili na 48 za tatu. Jumla ya dai ikawa Sh14,742,000. Mwezi wa 26, kwenye usuluhishi ulioelekezwa na mahakama, kampuni ilikubali asilimia 75 ya kila mstari: Sh23,625, Sh47,250 na Sh70,875, jumla Sh11,056,500. Pingamizi la zile saini 14 liliachwa hapohapo, kwa kuwa karatasi haikuwa imesomwa kwa mtu yeyote kwa lugha anayoielewa. Wenye visima saba walilipwa kwa jedwali lao. Mwenye kiwanja hakutokea hata mara moja, na udongo wake utasafishwa bure.

Malipo yalikwenda kwa simu, na yalichukua miezi minane. Kaya 11 hazikupatikana.

Kati ya wale 23 wa afya, 6 tu ndio waliofungua kesi. Wengine walikuja ofisini baada ya malipo ya maji, wakidhani zamu yao imefika. Miaka mitatu ambayo sheria inatoa kufungua madai kama hayo ilikuwa imekwisha.

## Uchambuzi

### Kifumbu kiko wapi

Kila nchi iliyorithi sheria ya Kiingereza ina kifumbu cha kuchujia kundi. Tofauti kubwa ni mahali kinapotundikwa, na ukijua hapo unajua kazi yako iko wapi.

Marekani kimetundikwa mlangoni. Kanuni ya 23, kwa umbo lake la tangu 1966, inataka kundi liwe kubwa, liwe na maswali ya pamoja, mwakilishi awe wa aina moja na wenzake, na awe wa kuaminika. Kwa kundi la kudai pesa, maswali ya pamoja lazima yazidi ya mtu mmojammoja. Wanawake wapatao milioni moja na nusu walirudishwa mlangoni hapo mwaka 2011 katika shauri la ubaguzi kazini dhidi ya maduka ya Wal-Mart. Ukipita, wote wamo isipokuwa anayejitoa, na upande wa pili huanza kuzungumza suluhu.

Afrika Kusini pia ni mlangoni, ila mlango umejengwa na majaji. Katiba yao, kifungu cha 38, inafanana na chetu cha 22, lakini hakuna sheria ya bunge ya utaratibu. Mahakama zilijaza pengo kuanzia shauri la njama ya bei ya mkate mwaka 2012. Wachimba dhahabu wenye ugonjwa wa mapafu walipita mlango huo 2016, na suluhu yao ikaidhinishwa 2019. Akina mama na watoto wa Kabwe, Zambia, wenye dai la sumu ya risasi dhidi ya kampuni ya madini ya Anglo American, walikataliwa mlangoni Desemba 2023. Anayesoma Owino Uhuru na Kabwe pamoja anaona wazi: madini yaleyale, watoto walewale wa mtaa wa chini, lakini Johannesburg kundi lilisimamishwa kabla ya kesi kusikilizwa, na Mombasa kundi lilishinda kwanza, mzozo wa pesa ukaja baadaye.

Australia hawana mlango. Tangu Machi 1992 watu saba wenye madai yanayogusana wanaanza tu, na ni mshtakiwa anayepaswa kuiomba mahakama ivunje kundi. Uingereza kunategemea uliingilia wapi: kwa madai ya ushindani wa biashara kuna kundi la kujitoa, yaani wote wamo isipokuwa anayejitoa, kwa idhini maalumu, kwa mengine kuna kanuni ya uwakilishi inayofanana na yetu. Kwenye kanuni hiyo Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2021, katika shauri la Lloyd dhidi ya Google la watumiaji zaidi ya milioni nne wa iPhone, kwamba hasara ya kila mtu haiwezi kudaiwa kwa mkupuo bila kuithibitisha. Hata hivyo ilionyesha njia: kundi litumike kupata tamko la nani mkosaji, kisha hasara ifuate kwa mtu mmojammoja.

Kenya kifumbu kiko mwisho. Mlango uko wazi kiasi kwamba watu hudhani wameshafika. Shauri linaingia, amri za muda zinatoka, tangi linang'olewa, na baada ya miaka miwili ndipo mtu anauliza: nani hasa, na shilingi ngapi? Kilichoibeba kesi hii ni kwamba daftari lilifanya kazi ya kifumbu mapema, kabla mahakama haijauliza. Kampuni ilipokaa kwenye usuluhishi haikuwa na "wakazi" wa kuwabishia. Ilikuwa na mistari 241, na kila mstari ungeweza kukaguliwa kwa kubisha hodi. Ilichagua mistari 30 yenyewe, ikaenda nyumba kwa nyumba, ikakuta 28 sawa. Baada ya hapo ilizungumza asilimia tu.

Kuacha kaya 41 nje kuliuma. Baadhi zilikuwa zimechanga Sh1,000 zao, na zilirudishiwa, lakini salamu zilipungua kwa muda. Kisheria hapakuwa na njia nyingine. Kosa ni kwamba mchango ulipokelewa kabla ya sampuli.

### Saa ya ukomo

Hili ndilo kosa lililowagharimu watu haki yao. Marekani, tangu uamuzi wa American Pipe wa 1974, kufungua shauri la kundi husimamisha saa ya ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua kesi, kwa wanachama wake. Australia sheria yenyewe inasema hivyo. Sheria yetu ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, inatoa miaka mitatu kwa madai ya madhara na haina kifungu kinachosimamisha saa kwa sababu ya shauri la kundi. Na hata kingekuwepo, madai ya afya hayakuwa ndani ya ombi. Wale 17 waliambiwa "yenu yana faili lake" na wakasikia "yenu yako salama". Kilichohitajika ni barua ya Kiswahili kwa kila mmoja yenye tarehe ya mwisho kwa siku, mwezi na mwaka, na saini ya kuipokea. Karani aliwahi kuiandika rasimu. Haikutumwa kwa sababu kila mtu alikuwa akihangaika na sampuli za mara ya pili. Kuna mlango mdogo wa kuomba muda uongezwe kwa madai ya majeraha pale mtu alipokuwa hajui mambo ya msingi, lakini mtu aliyejiorodhesha na vipele vyake mwezi wa nne atapata tabu kusema hakujua.

### Suluhu bila mkaguzi

Kanuni ya 8 iko kimya juu ya wawakilishi kukubaliana na mshtakiwa. India waliliona pengo hilo, wakaongeza mwaka 1976 kwamba suluhu ya shauri la uwakilishi haifai bila ruhusa ya mahakama. Marekani jaji husikiliza wenye pingamizi kwanza. Hapa wakili aliita baraza, akasoma daraja zote tatu kwa sauti, akapokea maswali saa tatu, kisha akaambatisha kumbukumbu za baraza na orodha ya waliohudhuria kwenye hati ya makubaliano iliyopelekwa kwa jaji. Hakuna kanuni iliyomlazimisha. Bila hivyo, mzee mmoja aliyetaka alipwe daraja la tatu kwa kuhesabu wajukuu wanaokuja likizo angekuwa na nafasi ya kuichafua suluhu yote.

### Masalio

Hati haikusema pesa zisizodaiwa ziende wapi. Kaya 11 ziliacha Sh496,125 kwenye akaunti ya wateja ya wakili, na baada ya miezi sita uvumi ulikuwa umeshaifikisha milioni mbili. Sentensi moja ingetosha: baada ya siku 180 zigawiwe kwa waliobaki, au ziende kwenye kioski. Uingereza sheria ya ushindani inataja kabisa pa kupeleka mabaki. Hapa ilibidi kurudi mahakamani kuomba maelekezo, na ombi hilo lilikula sehemu ya pesa zenyewe.

### Usafishaji

Amri inataka visima saba vipimwe kila miezi mitatu kwa miaka miwili, kampuni ikilipa. Haisemi nani aandamane na mchukua sampuli. Kamati imetawanyika baada ya malipo, na wawili kati ya wawakilishi watano wamehama. Kisima cha nne bado hunuka masika maji yanapopanda, na mara mbili zilizopita sampuli imechukuliwa kiangazi.